Kijani Kilichopigwa Marufuku Observatory

Umoja wa Wakazi wa Mtaa wa Juu, Observatory, hapa Johannesburg, una heshima kubwa kuutangazia umma kwamba vita dhidi ya magugu ya majira ya baridi vimekwisha, na sisi tumeshinda. Nayasema haya nikiwa Katibu wa Kamati ya Kutambua na Kudhibiti Magugu, cheo nilichochaguliwa kwa kauli moja wakati nimetoka kwenda msalani.

Ilikuwa Julai 2017. Nyasi za Joburg, hizi zinazoitwa kikuyu, msimu wa mvua hutaka kuingia hadi jikoni. Baridi ikizipiga hukauka na kuwa na rangi ya mkate. Hapo ndipo magugu yanapojitokeza, kwa sababu yenyewe hayajui kulala: kijinyasi laini chenye mbegu nyeupe, jani la matatumatatu, na lile lenye ua la njano ambalo mzizi wake unashuka chini kama karoti.

Mwenyekiti wetu ni Papa Gaston, mtu wa Lubumbashi, muuza makochi wa Doornfontein. Sisi humwita Président. Katika mkutano wetu wa mwisho kabla ya baridi alisimama, tayari amevaa koti la sufu, akasema:

"Mwezi wa saba nyasi halali imelala. Kinachoamka ni gugu. Kwa hiyo, wapendwa, kila kilicho kijani katika yadi ni gugu. Atakayekutwa nacho, geti lake litafungwa, wageni wasiingie mpaka yadi isafishwe."

Tulitafuta kasoro katika maneno yale, hatukuiona. Tukapiga makofi.

Wa kwanza kukaguliwa alikuwa Godelieve, mama wa Kirundi ambaye wote tunamwita Mama Kelly. Amepanga nyumba ya kona na hushona sebuleni, na wateja wake husubiri uani wakiota jua. Nilikwenda na Mwadini wa Tanga, ambaye kazini ni mlinzi na katika Kamati ni Afisa Ukaguzi.

Magugu yalikuwepo, sikatai. Lakini uani palikuwa pia na kitambaa kirefu cha sare za kwaya, kimetandazwa kikauke. Kijani.

"Hiki nacho kiandike," nikasema.

"Katibu, hiki ni kitambaa," akasema Mwadini.

"Kanuni inasema kila kilicho kijani katika yadi."

"Eish. Basi hata kofia yako ni gugu."

Niliivua, nikaiweka mfukoni, na ukaguzi ukaendelea kwa mujibu wa taratibu. Geti la Mama Kelly likafungwa siku hiyohiyo.

Kufungwa huko kulileta ufanisi ambao hatukuutarajia. Mama Kelly alianza kupima wateja kupitia nondo za geti. Mteja alisimama barabarani, akainua mikono, akageuka taratibu, huku futi ikipitishwa huku na huku. Teksi zilipunguza mwendo ili abiria waone. Baadhi ya wateja, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walihamia kwa mshonaji wa Troyeville. Zamani ukipita pale ulimsikia Mama Kelly akiimba juu ya cherehani. Sasa ulisikia cherehani tu, na mara nyingine hata hiyo hukuisikia.

Alikuja kwangu. "Bwana Katibu, naomba kuyang'oa mimi mwenyewe."

"Kung'oa kunahitaji kibali cha Kamati Ndogo ya Zana, mama. Itakaa mwezi wa tisa."

"Mwezi wa tisa yatakuwa yameshamwaga mbegu."

"Ndiyo maana Kamati imejipanga kuendelea mwakani."

Akasema, "Sawa, Bwana Katibu," akaenda zake. Wiki ile alimwagia maji udongo ulainike, akapiga magoti na kisu cha jikoni, akang'oa moja baada ya jingine pamoja na mizizi. Mimi nilipita, nikaona, nikaripoti kwamba magugu ya nyumba ya kona yalikuwa yakijiondoa kwa hiari.

Sasa, mke wa Président, Mama Clémentine, alikuwa anashonewa gauni. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yao, Glody. Mama Clémentine alikataa katakata kupimwa barabarani kama gunia. Tukaamua kwamba mshonaji aliyefungiwa geti apelekwe kwake chini ya uangalizi. Mimi na Mwadini tukamsindikiza.

Nyumba ya Président ina ukuta mrefu. Hakuna mjumbe aliyewahi kuingia kipindi cha baridi, maana mikutano ya baridi tulikuwa tunaiahirisha. Geti likafunguka.

Yadi nzima ilikuwa kijani, kutoka ukutani hadi ukutani. Mama Kelly aliinamisha macho akatazama viatu vyake. Mwadini aliinama, akavuta shungi moja. Liling'oka bila ubishi, likamwaga vijimbegu vyeupe kiganjani.

"Hizi ni nyasi bora," akasema Président. "Nazimwagilia kila asubuhi."

"Kikuyu ilishakufa zamani hapa, Papa," akasema Mwadini. "Ulichokuwa unakinywesha ni gugu tupu."

Kanuni ni kanuni, nikaisoma yote, pamoja na kipengele cha geti.

"Jumamosi nina wakwe," akasema Président. "Irekebisheni sasa hivi."

"Hurekebishwa na mkutano, Président," nikasema. "Na katiba uliyotuandikia inasema mkutano hufanyika nyumbani kwako tu."

"Basi ufanyike."

"Sisi ni wageni, Papa," akasema Mwadini. "Geti limefungwa. Hata hapa tulipo tunavunja sheria."

Tukatoka kwa adabu.

Ijumaa tuliikagua nyumba ya kona. Yadi ilikuwa rangi ya mkate, haina hata doa, na geti likafunguliwa rasmi. Jioni Président alifika pale kwa miguu, akashika nondo.

"Mama Kelly, nakuomba yadi yako. Kwa kesho tu."

Mama Kelly alizima cherehani. "Karibu, Papa. Ila uingie ndani uniombe vizuri. Mimi kuongea na watu kupitia nondo nimechoka."

Akaingia, akaomba vizuri. Wakwe walipokelewa kwenye nyasi kavu, juani, wakasifu usafi wa mahali. Glody akaposwa.

Jumatatu Président alipiga magoti kwenye yadi yake na kisu cha jikoni. Mama Clémentine alikaa kwenye kiti barazani akimwelekeza: "Gaston, umeruka pale." Kila alipong'oa gugu palibaki udongo, kwa kuwa chini yake hapakuwa na kitu kingine. Alipomaliza, hapakuwa na jani hata moja, bali vumbi jekundu lililopeperuka mpaka sebuleni kwenye makochi.

Kamati iliikagua yadi hiyo kwa makini. Hatukuona kijani popote. Tulimkabidhi cheti cha yadi bora ya majira ya baridi, akakipokea huku akikohoa.