Maombi ya Kosa Moja kwa Mwanangu Baharia

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni ya Meli,

Baba, shikamoo, kama umri wako unaipokea. Kama wewe ni mdogo wangu, basi nirudishie na uendelee kusoma. Mimi ni mama yake yule baharia mrefu wa kamba kwenye meli yenu ya mizigo, mnayemwita Kimya. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo panapopinda utapanyoosha mwenyewe.

Nasikia Ijumaa mnachagua serahangi mpya, yaani mkubwa wa mabaharia wa sitaha. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja kazini na hajawahi hata kuitwa. Nimeulizauliza, nikagundua anaponzwa na kutokukosea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mna utaratibu kwamba anayekosea huandika kosa lake kwenye daftari, hupelekwa darasani, kisha huja kuwafundisha wenzake. Siupingi. Naambiwa tangu muuanze meli zinafika kwa wakati na wateja wanapanga foleni. Lakini ukurasa wa mwanangu ni mweupe pe. Asiye na kosa hana darasa, na asiye na darasa hana cheo.

2. Aliyeacha mlango wa shehena wazi, mvua ikalowesha magunia mia mbili ya unga, leo ndiye mwalimu wa milango. Aliyepaka ngazi rangi akasahau kwamba nahodha yuko juu, amepanda cheo mara mbili. Na yule mfupi, rafiki wa mwanangu, aliyekuwa zamu ya kamba mwaka juzi fundo likafunguka na meli ikaligonga gati, mlimpeleka miezi mitatu kusomea kamba, na sasa anautaka userahangi. Mwanangu siku hiyo alikuwa hapo hapo, hatua mbili kutoka kwenye kamba, na hakukosea chochote. Hiyo ni haki, baba?

3. Hili ni la malezi, na lawama nabeba mimi. Kwangu aliyevunja sahani alikula kofi, kisha sikusema naye siku tatu. Mtoto akanyooka. Tangu ana miaka saba hajavunja hata kikombe, ingawa sahani ziliendelea kupungua, nadhani kwa sababu ya wageni. Sikujua kama duniani kuna kazi inayotaka watu walioharibu.

4. Nimejitahidi kumsaidia. Alipokuja likizo wiki hii nilimwambia akosee kidogo tu, mama yake nimemruhusu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua, akaenda kulala bila kula.

Kwa hiyo naomba mumpe kosa moja la ofisi, la wastani, lisilozamisha. Kama hakuna jipya, ligaweni lile la kamba. Mfupi abaki na nusu, na sisi nusu itatutosha.

Nisalimie nahodha, mpishi wa meli, na yule dada wa mapokezi aliyenipa kiti na maji nilipokuja bila miadi. Mwambie mguu umepoa.

Ni mimi ninayewaombea bahari tulivu,
Mama Kimya

Baada ya kusaini: Kabla sijafunga bahasha nilimpa mwanangu anisahihishie herufi. Alipofika namba mbili akaiweka kalamu chini. Akasema, "Mama, fundo lile nililifunga mimi." Mfupi alikuwa amekwenda kunywa maji, akarudi akakuta limeshafungwa. Meli ilipogonga, akaandika jina lake, kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Wangu akanyamaza.

Basi baba, yote niliyoomba nayafuta. Userahangi mpeni mfupi. Ile nusu ya kosa turudishieni nzima. Mwanangu anakuja kesho asubuhi kuliandika mwenyewe, na akifika, nawaomba msimpige kofi wala msimnunie. Mimi sikumnunia. Nilimuuliza tu habari za sahani. Ziko nyuma ya tangi la maji, amezifukia vizuri, tisa.