Gia za Lori Jipya na Firigisi ya Kamukuywa

Kwa Meneja wa Magari,
Kampuni ya Usafirishaji ya Gunia Jema,
Kitale.

Mheshimiwa Bi. Chesang,

KUH: OMBI LA KURUDISHIWA LORI LENYE GIA ZA MKONO

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa mguu wa kushoto, ambao nitaueleza hapa chini.

Mimi ni Wekoye, dereva wako wa mahindi kati ya Kitale na Bungoma. Mwezi uliopita mliniondoa kwenye lori la zamani mkanipa jipya, lisilo na klachi, ambalo hujibadilishia gia lenyewe. La pili, rangi ile ile na sauti ile ile, mlimpa Kipsang wa Saboti. Mimi na Kipsang hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni na gia, kwa sababu zifuatazo:

1. Mguu wa kushoto hauna kazi. Tangu ujana wangu umekuwa ukikanyaga klachi, na hakuna aliyeuarifu kwamba klachi imeondolewa. Jumapili moja kanisani, mhubiri alipopunguza sauti kuelekea sala, mguu ulikanyaga. Mbele yangu alikuwa ameketi mzee Sifuna, katibu wa kanisa. Siku hizi anaketi upande wa akina mama.

2. Lori linafikiri. Kwenye tope la Saboti, lile la zamani nililipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka likatoka. Hili nikikanyaga mafuta hutulia kwanza, kama karani aliyeulizwa faili. Najua utanijibu kwamba kando ya usukani kuna kijiti cha kuchagulia gia mwenyewe. Nimekivuta. Lori liliniandikia kwenye skrini kwamba ombi langu haliwezekani. Sijawahi kujibiwa hivyo na kitu ninachokiosha.

3. Heshima imeshuka. Pale kwenye kibanda cha chai Kibomet, sisi madereva hujadili gia kama wengine wanavyojadili siasa. Watu wa umri wangu wanataka za mkono, vijana wanataka za kujibadilisha. Derrick, aliyepata leseni juzi, aliniambia mbele ya wote: "Mzee, wewe sasa ni abiria tu, ni vile hulipi nauli." Walicheka, hata wa umri wangu.

4. Mama. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Mama yangu, Nanyama, anaishi Kamukuywa, juu kidogo ya daraja. Macho yake yamefifia lakini masikio ni mazima. Nikiwa na lori la zamani, nikianza kupanda kutoka darajani nilikanyaga klachi mara mbili ili nishushe gia: ngurumo, kimya kifupi, kisha ngurumo tena. Kila dereva ana kimya chake, na changu mama anakijua. Alikuwa akikisikia anasema, "Huyo ni Wekoye," na sufuria inapanda mekoni. Ni kweli kwamba kazi haikuniruhusu kusimama kila mara. Lakini nilisikika, na kusikika ni nusu ya kufika.

Lori jipya hupanda ule mlima bila kusema lolote. Mama aliniuliza kwa simu linaliaje, nikamwambia: kama mtu anayepuliza chai. Alhamisi iliyopita, Kipsang alisimama kwa mama kumshushia viazi nilivyomwagiza. Mama akasikia chai ikipulizwa. Akachinja jogoo. Kipsang aliambiwa aketi angoje, naye akaketi akangoja.

5. Firigisi. Bi. Chesang, umekaa na Wabukusu muda wa kutosha kujua kwamba firigisi haiwekwi tu mbele ya yeyote. Kwetu ni ya mwenye boma. Kipsang aliila. Nilipomuuliza alijibu bila aibu: "Si mama yako ndiye alinikaribisha, bana? Ati nikatae chakula ya mzazi?"

6. Shamba. Baada ya kula, mama alimwambia kwamba kile kipande cha chini kando ya mto, ambacho mimi na kaka yangu Wanyonyi tumekivutania tangu baba afariki, ni chake. Kipsang alisema, "Asante, mama." Jumamosi hii mama amewaita wazee wa ukoo ili awatangazie kwamba kipande hicho ni cha aliyekula firigisi. Yaani, kwa sababu ya gia zenu, mtu wa Saboti anarithi Kamukuywa, na mimi ninarithi mguu.

Kwa hayo naomba nirudishiwe lori la zamani kabla ya Jumamosi, nipande ule mlima nisikike. Kama limekwisha kuuzwa, fundi Levi alifungie hili jipya kifaa cha kunguruma mara mbili, na kimya katikati. Urefu wa kimya nitamwonyesha. Hilo nalo likishindikana, itabidi uje wewe mwenyewe mbele ya wazee, uwaeleze kwa Kibukusu jinsi gia inavyoweza kujibadilisha bila mwenyewe kujua.

Nisalimie wote ofisini, Levi, askari wa langoni, na Kipsang pia ukimwona kabla yangu. Mke wangu Phelista, wa hapa Tuwan, anakusalimu na anasema hahusiki.

Ni mimi, dereva wako mtiifu wa mguu mmoja,
Wekoye.

Tanbihi: Kabla ya kufunga bahasha nilimpigia mama simu nikamsomea barua yote. Alicheka mpaka simu ikamwanguka. Anasema alijua ni Kipsang tangu alipopiga hodi. "Ile gari yako ya zamani nimeisikia miaka yote," alisema. "Inabadilisha gia, inaenda. Hii ingine ilisimama." Kwa hiyo, Bi. Chesang, gia zenu hazina kosa, na ombi langu liwe kama halikuandikwa. Ila kesho Ijumaa usitarajie nifike Bungoma mapema. Nitakuwa nimesimama Kamukuywa, kwani wazee hawaji mpaka Jumamosi. Nasikia amebaki jogoo mmoja.