Hotuba ya Kuzindua Jumba la Mvumo, Kariakoo

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Waheshimiwa wajumbe wa kamati, wa kamati ndogo, na wa kamati inayofuatilia kamati ndogo. Viongozi wetu wa dini. Ndugu mwakilishi wa wauzaji wa vitenge vya jumla. Makuli na wasukuma mikokoteni. Mama lishe mlioacha masufuria motoni kwa ajili yangu. Pamoja na wale wote ambao vyeo vyenu ni vikubwa lakini havikuenea kwenye karatasi hii: nasimama mbele yenu mimi, Pantaleo Mbawala, Kaimu Naibu Mratibu Mwandamizi wa Kitengo cha Sanaa Zisizo na Maneno, kwa unyenyekevu ambao wenzangu ofisini wameuita wa kupigiwa mfano. (Makofi, hasa viti vya mbele.)

Leo tunazindua Jumba la Mvumo. Kabla sijaenda kwenye pazia hili lililo nyuma yangu, sina budi kuwaeleza habari za wasanii wawili walioketi pale kwenye benchi, Bi Zamda Mwinyimvua na Ndugu Idrisa Seifu, kundi linaloitwa Mvumo, ambao kipaji chao kiligunduliwa na ofisi yangu miaka tisa tu baada ya wao kuanza. (Kicheko.)

Bi Zamda alikuwa mpiga kodiani wa kikundi cha taarabu kilichovunjika baada ya waimbaji wake wawili kununiana kwenye harusi moja huko Ilala. Siku moja akapeleka friji la mama yake kwa Idrisa, fundi wa Mtaa wa Sikukuu. Idrisa akalichomeka kwenye umeme, likaanza kuunguruma. Kwa mujibu wa taarifa tulizokusanya katika semina elekezi ya siku nne, mazungumzo yao yalikuwa haya:

"Bovu hili, dada. Ngoja nilizime."

"Usilizime," akasema Bi Zamda. "Linaimba."

"Linaimba nini?"

"Sauti moja tu. Lakini haliipotezi."

Akaenda nyumbani, akarudi na kodiani, akaitafuta sauti ileile, akaivuta polepole mpaka friji na kodiani vikawa kitu kimoja. Wateja wawili waliokuwa wakibishana pale mlangoni wakanyamaza, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyeshindwa. Hapo ndipo sekta ndogo ya mvumo ilipozaliwa, bila kibali, jambo ambalo ofisi imelisamehe.

Kwa stekiholda wasioufahamu muziki huu: hauna ngoma, hauna mashairi, hauna kiitikio. Sauti moja inashikwa dakika arobaini. Idrisa alirekodi jenereta za Msimbazi na honi za meli bandarini, akazipunguza mwendo kwenye kompyuta mpaka zikawa kama pumzi za mtu aliyelala. Bi Zamda akaweka kodiani juu yake, na ukitulia unasikia ndani ya sauti ile kuna nyingine, kama kitenge unachokidhani cheusi mpaka kitolewe juani. Sisi wataalamu tunaita hali hiyo autiputi endelevu.

Safari yao, ndugu zangu, haikuwa rahisi. Mara ya kwanza walipopanda jukwaani, kwenye tamasha la vijana, baada ya nusu saa mshereheshaji akawafuata, akauliza, "Jamani, mtaanza saa ngapi?" Idrisa akajibu, "Tumemaliza." Wakazomewa mpaka barabarani. Baadaye albamu yao ilipowekwa mtandaoni, wakaandikiwa na wasikilizaji wa Ufini na Japani, wakaalikwa kwenda kupiga kwenye tamasha la huko. Barua ya mwaliko ikaletwa kwangu kwa maoni. Maoni yangu yalikuwa mazuri sana, na yalitoka wiki sita baada ya tamasha lenyewe kwisha. (Sauti: "Ubaya ubaya tu!") Asante, ndugu, fidibaki yako imepokelewa.

Basi wakajikalia kwenye stoo yao nyuma ya karakana, wakawa wanapiga kila Alhamisi saa nane mchana. Makuli wakaanza kuingia mmoja mmoja, wakitua mizigo na kulala juu ya magunia. Akaingia Bi Sabaha, mjane wa Mtaa wa Narung'ombe, ambaye tangu mumewe azikwe, miezi mitano, alikuwa hajapata usingizi wa maana. Akaketi, akaegemea ukuta, akalala. Alipoamka alikuwa analia. "Nimemwota anacheka," akasema. Bi Zamda aliendelea kuishika sauti ileile, hakuinua uso, mpaka yule mama akamaliza kulia na kujifunga vizuri kanga yake. Kitakwimu, usingizi katika kata hii uliongezeka kwa asilimia sitini na nne.

Mimi mwenyewe nilifika kufanya tathmini, nikaingia katika tafakuri ya kitaalamu kwa saa mbili. (Sauti: "Ulikoroma, mheshimiwa!") Nilikoroma kwa niaba ya ofisi. Na nilipoamka nilitamka kwa uchungu kwamba watu hawa hawastahili stoo, wanastahili jumba, lenye ukumbi wa watu mia tatu, vyumba vya kurekodia na ofisi ya mratibu yenye kiyoyozi. Wiki ile ile stoo ikavunjwa kupisha mradi. Idrisa alikuja kunisihi. "Mzee, tuachie chumba mpaka ujenzi uanze." Nikamwambia, "Kijana, maendeleo hayawezi kuanza wakati wewe bado umo ndani." (Makofi ya viti vya mbele, yanakatika njiani.)

Miaka miwili imepita kwa kasi ya ajabu. Leo Idrisa ameajirika bandarini, anatengeneza makontena ya baridi. Bi Zamda anashona mapazia Upanga, na hili hapa ni la mkono wake. Vifaa vyao vilihifadhiwa na ofisi kwa utaratibu wa…

(Bi Zamda anasimama: "Mheshimiwa, samahani. Kodiani yangu iko wapi?")

Kodiani, dada yangu, iko katika hatua.

("Hatua gani?")

Hatua ya kufahamika ilipo. (Kicheko kikubwa. Bi Zamda hacheki. "Ilikuwa ya marehemu baba," anasema. "Mimi sikuja kwa ajili ya jumba. Nimeandika barua saba. Nimeifuata hiyo tu.")

Tutaunda timu ndogo… Stella? Ndugu wananchi, huyu ni katibu muhtasi wangu, hakupangiwa kuzungumza. Stella, umebeba nini?

(Stella anapita mbele na kodiani mikononi: "Ni hii, bosi. Miaka yote hii ilikuwa inazuia mlango wa ofisi yako usijifunge. Mimi mwenyewe nimejua leo asubuhi, baada ya dada huyu kuja kuiulizia na kuondoka. Dada, nisamehe." Bi Zamda anaipokea, anaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, anaivuta kidogo. Inalia. Watu wanapiga vigelegele.)

Kama nilivyokuwa nikieleza, ofisi imeirejesha kodiani. Na sasa, kwa mujibu wa ratiba, wasanii watatuburudisha kwa dakika tatu. (Idrisa: "Dakika tatu hatuna, mzee.") Basi nne. Idrisa, mbona unachomoa waya? Huo ni wa kipaza sauti changu. Kijana, sijamaliza, zimebaki kurasa kumi na moja.

(Idrisa anauchomeka waya kwenye simu yake, Bi Zamda anaivuta kodiani, na sauti moja inatoka kwenye spika, ndefu, ya chini. Mikokoteni inasimama. Kipaza sauti kimekufa; hotuba iliyobaki imenukuliwa na Stella, aliyekuwa karibu.)

Nasema, Mvumo oyee! (Hakuna anayeitikia.) Sanaa kwanza, maneno baadaye! (Makuli wanakaa chini. Bi Sabaha amefumba macho.) Mradi wetu, jasho letu! Stella, wananisikia kweli hawa? Hawanisikii. Basi nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru kwa kuja kuzindua jumba ambalo halikuwahi kuombewa kibali, wala kuchorwa. Ile ramani mliyoonyeshwa ni ya machinjio ya mkoa mwingine. Nawashukuru kwa kutolivuta pazia, maana nyuma yake kuna uwazi tu, na kule ng'ambo kuna ukuta wa jirani. Nawashukuru kwa kuniamini, hasa wewe mama uliyelala. Stella, acha kuandika. Sogea kidogo hapo kwenye benchi, na mimi nikae.