Matokeo ya Utafiti wa Magoti

Joackim wa Rwamishenye hakuwahi kusoma udaktari, ila alikuwa na koti jeupe, tena lililopigwa pasi. Siku moja, kwenye kibanda cha chai, alisikia kwamba watafiti wa dawa ya magoti watarudi Kanazi Alhamisi kuwasomea watu matokeo. Jumanne asubuhi yeye alikuwa Kanazi.

Alipokelewa na Ma Adventina, mjane mwenye magoti mabovu, presha, na viroba viwili vya kahawa ukumbini. Joackim aliviona viroba kwanza, mgonjwa baadaye. Akafungua karatasi ya Kiingereza iliyotoka kwenye boksi la friji, akasoma mistari sita kwa sauti ya mahubiri. Hakuna aliyeelewa kitu, na biashara yake ilitaka hivyo hivyo.

"Kwa kifupi, Ma waitu, unga huu wa dawa umeponya asilimia tisini. Magoti, presha, kila kitu! Vidonge vya hospitali tupa. Nakuachia unga wa mwaka mzima kwa hivyo viroba viwili tu."

Ma Adventina akainuka na kopo lake la vidonge, akitafuta pa kuvimwaga. Mkwewe Agnetha alishikwa na hofu. Mwaka jana mama huyu aliacha vidonge wiki mbili, wakamwokota migombani hajitambui.

"Subiri kidogo, Ma." Akapanga maharage kumi mkekani. "Daktari, wenzako watafiti walipokuja mara ya kwanza walituelekeza hivi. Kati ya kumi, tisa wamepona. Haya, na wale waliopewa vidonge visivyo na dawa, walipona wangapi?"

"Visivyo na dawa?" Joackim akang'aka. "Sisi hatudanganyi wagonjwa! Wote tuliwapa ya kweli!"

Agnetha akazoa maharage yake. Kumbe hata utafiti wenyewe mtu huyu haujui, maskini.

"Tumeelewa, daktari. Nipe huo unga, unywe chai, mimi nikakushonee viroba vyako."

Joackim alikunywa vikombe vitatu. Akapenyeza kidole kwenye kiroba kimoja, akatoa punje ya kahawa, akapanda bodaboda akipiga mluzi.

Huko Rwamishenye, mbele ya mnunuzi, viroba vilimwaga kahawa konzi mbili, udongo wa kutosha kupanda mgomba, na karatasi ya daftari:

"Daktari, watafiti hugawa watu makundi mawili. Sisi tumegawa viroba. Kundi la kwanza lina kahawa, limebaki nyumbani. Kundi la pili unalo. Unga wako tumewapa kuku watano, magoti yao yako vilevile. Mama amemeza kidonge chake mbele yangu. Ukiwa na swali, karibu Alhamisi. Watafiti watakuwepo, pamoja na mtendaji wa kijiji na mgambo wawili."

Ilikuwa karatasi ya kwanza ya utafiti ambayo Joackim aliielewa yote.