Sauti Safi ya Kamene

Jumatatu, 9 Juni
Kamene bado yuko kwa dada yake, Makadara. Nyumba imepoa. Ati hawezi kuishi na mume asiyesikiliza. Uonevu! Lakini nina mpango. Nimejiandikisha darasa la usikilizaji katika ukumbi wa mtaa, hapa Jericho. Nikimpelekea cheti, atabisha nini?

Jumanne, 10 Juni
Mwalimu Batulo alitwambia tufumbe macho, tusikilize mtaa, kisha tuandike. Nilisinzia. Shiundu, aliyeketi kando yangu, alisoma alichosikia: mafundi wakigonga bati, adhana, mama akimbembeleza mtoto, na mtu akikoroma. Darasa zima likanigeukia. Mnafiki yule! Mwalimu akauliza ni sauti za nani mtaani zinazoitwa kelele tu. Niliandika: zangu.

Alhamisi, 12 Juni
Kazi ya mwisho: kurekodi sauti tunayoikosa nyumbani. Shiundu analeta sauti ya cherehani ya marehemu mama yake. Anatafuta huruma! Nitamshinda. Nilimpigia Kamene, simu ya pili ikirekodi kando. Aliongea mno. Mimi nilipambana na upepo wa dirishani, nikiitikia eeh, sawa, kabisa. Mwishowe akalia kidogo. Safi sana, hata mkwaruzo hakuna.

Jumamosi, 14 Juni
Rekodi yangu ilichezwa mbele ya watu wote. Kamene akasikika akisema amechoka kungoja. Nimfuate Jumamosi mchana, mimi mwenyewe, atarudi nyumbani. Nisipokwenda, anapanda basi kwenda kwao Mwingi na nisimtafute tena. Halafu sauti yangu: kabisa.

Shiundu akanisihi nikimbie, hata Mwalimu akaniambia niende. Lakini vyeti vilikuwa havijatolewa! Nikangoja.

Makadara nilifika jioni. Shemeji Wavinya alinizuia mlangoni, mizigo ya Kamene iko pale pale nyuma yake. Akafoka muda mrefu, kitu kuhusu nafasi ya mwisho na basi la kesho asubuhi. Sikushika yote. Nilikuwa namrekodi.

Jumapili, 15 Juni
Usiku umeingia. Nimeketi peke yangu, chai imepoa, naumia. Nimetundika cheti mkabala na mlango ili Kamene akiingia akione. Hajaja. Hata simu hapigi! Na mtu huyo ndiye anayesema mimi sisikilizi.

Rekodi ya Wavinya sijaifungua. Naiweka kwa kazi ya darasa lijalo, la Agosti.