Mtungi Uliozikwa Wima

Jumatatu, 3 Machi

Nyumba iko hatarini. Na mimi nimo ndani yake.

Binti wa Mama mwenye nyumba amepiga simu. Ni nesi, anaishi mbali, ghorofa ya nne. Tangu Mama alipoteleza bafuni mwezi uliopita, binti hapati usingizi. Anakuja Jumapili kuikagua nyumba. Akiona ni salama, Mama atabaki. Akiona si salama, atamchukua siku hiyo hiyo, na nyumba itauzwa.

Mama amesema ghorofani haendi. Amesema amezaa watoto wanne katika nyumba hii, na hawezi kwenda kumalizia umri wake akichungulia dirishani kama kuku wa tenga.

Na mimi je? Mimi ni mpangaji wa chumba cha uani, mwaka wa tano huu. Kwetu ni safari ya siku mbili. Mama ananiwekea chakula, ananikemea nikichelewa, nikiumwa anagonga mlango. Nikikosa chumba hiki narudi kambi ya kazini. Watu kumi na wawili, dirisha moja.

Nikajipiga kifua. Nikamwambia hiyo kazi aniachie mimi, mtu mwenye cheti cha usalama. Ni kweli ninacho. Tulipewa kazini baada ya mafunzo ya nusu siku. Nusu ya hiyo nusu nililala, lakini cheti hakisemi hivyo.

Mama akaguna. Akasema ameshaongea na Spana.

Spana! Fundi bomba wa nyumba ya pili. Mtu anayetembea na futi mfukoni hata akienda kwenye mazishi. Ananiita Zege, kwa sababu kazi yangu ni kuchanganya zege. Mama amemwandikia orodha: ngazi ya mlango wa nyuma imevunjika, mtungi wa gesi unayumba, soketi ya sebuleni inatema cheche, bafu linateleza, koki inavuja. Spana atakuja Alhamisi.

Leo Jumatatu. Nina siku tatu za kumtangulia. Orodha nimeinakili.

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kutoka kazini na nusu mfuko wa saruji. Mfuko ulichanika. Ulichanika kwa msaada wangu, lakini ulichanika.

Nimeanza na ngazi. Kazi yangu hiyo! Kokoto, mchanga, saruji, maji. Nikaisawazisha kwa mwiko mpaka ikang'aa. Nikamwita Mama atoke aione. Mama akasukuma mlango. Ukagoma. Unafungukia nje, na ngazi yangu imepanda vidole vitatu juu ya kizingiti.

Tukaongea kupitia tundu la ufunguo. Aliuliza nimefanya nini. Nikamwambia ni mambo ya usalama, wezi wote hupitia mlango wa nyuma. Akasema na yeye hupitia huo huo. Je, moto ukiwaka jikoni atapita wapi?

Nikamwambia moto hautawaka. Nilikuwa nimeshaanza kuufikiria mtungi.

Jumatano, 5 Machi

Mama amekwenda kwenye kikao cha kina mama. Saa mbili nzima hayupo. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Mtungi umekaa kwenye kona ya jikoni, juu ya kigae kilichopasuka. Ukiugusa unayumba. Kwenye mafunzo, kabla sijalala, walisema mtungi usimame wima na usiweze kuanguka. Spana angebadilisha kigae. Ndivyo wanavyofikiri watu wasio na cheti.

Mimi nimeujengea. Nimezungusha mbao, nikamwaga zege mpaka mabegani kwa mtungi. Kimebaki kichwa tu na mpira wake. Kipimo cha nguzo, si cha mchezo. Nimetia na nondo mbili. Lije tetemeko, lipite, mtungi utabaki pale pale.

Mama amerudi. Ameutazama muda mrefu, mkoba ukiwa bado begani. Akaniuliza swali moja tu: gesi ikiisha?

Sikuwa nimefika huko.

Nikamwambia haitaisha leo wala kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Imeisha leo. Asubuhi, maji ya chai yakiwa vuguvugu.

Muuza gesi hatoi mtungi uliojaa bila kupokea mtupu. Mama amempigia simu akamweleza wetu uko wapi. Ameeleza mara tatu. Mara ya tatu nikasikia mtu anacheka upande wa pili.

Kazini nimejitia homa ili nimpokee Spana mwenyewe. Amefika saa nne. Akaingia jikoni, akatoka, akaingia tena. Akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema katika miaka ishirini ya kazi amekuta bomba limefungwa kwa soksi, amekuta tangi limezibwa kwa chingamu, lakini mtungi uliozikwa wima hajawahi kuuona. Akavua kofia. Akauliza marehemu ameacha watoto wangapi. Mama, ambaye nilidhani yuko upande wangu, akajibu ameacha sufuria mbili na birika.

Akatoa tindo na nyundo. Hapo nikamshika mkono. Nikamwambia cheche na mabaki ya gesi havikai chumba kimoja. Spana akaweka nyundo chini. Akasema, aisee Zege, kweli.

Kweli! Nimeomba arudie. Hakurudia.

Akaamua mtungi utatolewa Jumatatu, madirisha yakiwa wazi, zege likiwa limelowana maji, polepole. Ngazi nayo itasubiri siku hiyo hiyo. Kisha akatengeneza koki kwa dakika saba. Hakumwaga hata tone. Anapenda kujionyesha sana yule.

Jioni mvua ikanyesha. Mama anapikia mkaa kibandani uani, na kwa kuwa mlango wa nyuma haufunguki, anaizunguka nyumba nzima na sufuria mkononi. Nikamwonea huruma. Nikaingiza jiko la mkaa ndani, nikafunga madirisha baridi isiingie. Alitufukuza kwa mwiko, mimi na jiko. Akasema moshi wa mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa huua watu wakiwa usingizini, na kwamba hata usipoonekana upo. Akaniuliza kwani huko kwenye mafunzo sikuambiwa.

Labda waliniambia. Na mimi nilikuwa usingizini.

Ijumaa, 7 Machi

Spana ni fundi bomba. Umeme haugusi. Nafasi yangu!

Nimezima swichi kuu. Nimevua saa. Nimevaa gambuti za kazini. Nani atasema sijali usalama? Ndani ya soketi nikakuta nyaya kibao, zote rangi ya vumbi. Nikazichomoa. Zikachanganyika kidogo. Nikazirudisha kwa kukisia, nikawasha.

Cheche zimekwisha. Hilo naliandika kwanza.

La pili ni kwamba taa ya sebuleni sasa inawaka friji ikinguruma tu. Friji ikinyamaza, giza. Mama alikuwa anashona kifungo cha gauni atakalovaa Jumapili. Alishona nusu. Nikamshauri awe anafungua mlango wa friji mara kwa mara ili ingurume bila kukatika.

Mama alikwenda akazima swichi kuu mwenyewe, akabandika karatasi: ASIGUSE MTU. Akanitazama. Akaongeza: HASA WEWE. Kisha akampigia fundi umeme. Naye anaweza Jumatatu, si kabla.

Nikampigia mke wangu anifariji. Nikamweleza yote. Akauliza kama huyo mama wa watu yu mzima. Akasema, baba watoto, nakuomba sana, acha. Akanikumbusha ule mlango wa chumbani niliotengeneza likizo iliyopita. Mpaka leo wanaingilia dirishani. Mtoto mdogo anadhani nyumba zote ndivyo zilivyo.

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jumamosi, 8 Machi

Limebaki bafu. Na siku moja.

Mama alikuwa ameificha saruji. Nimeipata stoo, chini ya magunia, imefunikwa na pazia kuukuu. Aliificha vizuri kwa mtu wa umri wake.

Nimefunga nondo ukutani, ya kujishikia. Imara! Nimening'inia mwenyewe, miguu hewani. Mama akaja kuijaribu. Iko shibiri mbili juu ya kichwa chake. Nilipima kwa urefu wangu. Akanyoosha mkono, akaifikia kwa ncha za vidole kama mtoto anayeiba sukari kabatini. Akasema siku akiteleza ataipungia mkono wa kwaheri.

Zege lililobaki nikalimwaga sakafuni na kulikwaruza. Sakafu haitelezi tena, hilo hakuna atakayelipinga. Ila tundu la maji machafu sikulikumbuka mpaka lilipokuwa halipo.

Mama ameoga uani, kwa ndoo, nyuma ya shuka lililotundikwa kwenye kamba. Nilipopita mlangoni kwake nikaona sanduku liko wazi kitandani, na magauni mawili yamekunjwa ndani. Akaniona. Akasema kwa sauti ndogo, kesho mwanangu, nakuomba usiseme neno.

Nimelala bila kula.

Jumapili, 9 Machi

Binti amefika saa tatu asubuhi, na daftari. Ana macho ya Mama, ila yake hayana utani.

Mlango wa nyuma aliusukuma mara moja, akaandika. Jikoni aliuzunguka mtungi mara mbili kama mtu anayezuru kaburi, akaandika ukurasa mzima. Kwenye swichi kuu alisoma ile karatasi, akageuka akanitazama mimi moja kwa moja, ingawa hatujawahi kuonana. Bafuni alitoka bila kuandika kitu. Alikuwa amefunga daftari.

Akakaa, akaanza kutaja. Mlango wa kukimbilia hakuna. Gesi hakuna. Umeme hakuna. Bafu hakuna. Akamshika Mama mkono, akamwambia taratibu, mama, tufunge sanduku, basi linaondoka saa tisa.

Nikafungua mdomo. Mama akaninyooshea kidole. Nikaufunga.

Kisha Mama akaongea, na miaka mitano yote sijawahi kumsikia akiongea vile. Akasema, mwanangu, nina miaka sabini na moja. Wiki hii nimeizunguka nyumba kwenye mvua nikiwa na sufuria ya moto. Nimetembea gizani. Nimeoga nje. Mkaa nimeutoa ndani kwa mkono wangu, umeme nimeuzima kwa mkono wangu, mafundi nimewaita kwa simu yangu, na kesho asubuhi wote wawili wako hapa. Sijateleza. Sijaungua. Sijamwita mtu kuja kunilea. Hebu niambie, huko kwako ghorofani kuna hatari gani inayomzidi huyu?

Akanionyesha kwa kidevu.

Binti akanitazama. Akautazama mtungi kupitia mlango wa jikoni. Midomo ikaanza kumcheza. Akacheka mpaka akavua miwani na kujifuta. Akasema haya mama, umeshinda, mtu aliyemaliza wiki na huyu akiwa mzima anaweza kuishi popote. Mama atabaki.

Halafu akauliza, na sauti yake haikuwa ya kicheko, kama mpangaji naye ataondoka. Mama akasema hapana. Akasema nikihamia kwa watu wasionijua nitaua mtu. Afadhali nikae hapa ninapoonekana. Sharti ni moja: nisitengeneze kitu katika nyumba hii, hata kugongea msumari.

Nimeapa, mkono juu.

Sanduku limerudi juu ya kabati. Nimelipandisha mimi. Kwa kifupi, mpango wangu umefaulu. Nilisema hiyo kazi niachiwe mimi na Mama atabaki, na amebaki. Spana yeye alitengeneza koki tu.

Jumatatu, 10 Machi

Homa imenirudia, sikwenda kazini. Lazima mtu mwenye cheti awasimamie mafundi.

Fundi umeme alifungua soketi, akataka ipigwe picha. Spana ametumia saa tano kuutoa mtungi. Akasema hajawahi kupambana na zege gumu kiasi hicho maishani mwake. Hakusema kwa kunisifu, lakini nimepokea hivyo hivyo. Tundu la bafuni limezibuliwa, na mlango wa nyuma unafunguka. Mama ameutumia mara sita kabla ya jioni, bila sababu yoyote.

Mimi nimefukuzwa jikoni mara tatu. Nikatoka uani kupunga upepo. Ndipo nikaona ukuta wa uzio umeegemea upande wa Spana. Hatari ya wazi kabisa! Sikuchukua mwiko, sikuchukua nyundo. Kiapo ni kiapo. Lakini mtu hawezi kuripoti hatari bila kuwa na uhakika, basi nikauwekea bega kidogo. Ukasogea. Nikauwekea yote mawili.

Mama akaita kutoka ndani. Alitaka kujua ni nini kimeanguka, na kwa nini Spana ametoka nyumbani kwake mbio bila viatu.

Nikamjibu, bila kudanganya hata neno moja, kwamba sijatengeneza kitu chochote.