Rasimu ya Punda

Mwaka wa 2008 shirika moja linalogawia wakulima wa Kalama mifugo lilinunua programu ya kuandikia nyaraka kwa pamoja, likamwajiri Zubair awafundishe wafanyakazi kuitumia. Zubair alijua kompyuta kiasi, na kuongea kupita kiasi. Siku ya kwanza alibonyeza palipoandikwa "Rasimu", akakuta mambo yote ambayo wakubwa walikuwa bado wanayapika: watanunua mifugo gani, wangapi, lini. Akafumba macho kidogo, kama mtu anayeshukuru kwa chakula.

Jioni alikuwa sokoni kwa Hafso, mfanyabiashara wa mifugo.

"Mama, niko na mtu Nairobi. Ananiambia vitu kabla havijatangazwa."

"Anasemaje huyo mtu wako?"

"Kwanza anasema ana kiu."

Hafso akamtuliza kiu. Akaambiwa ni mbuzi wa maziwa, akawakusanya, tangazo likatoka, akauza wote. Mara ya pili akaambiwa kondoo. Siku ya kuuza akamkuta Ndambuki, mfanyabiashara mwenzake wa Wamunyu, naye amejaza uwanja kondoo wa siri ile ile. Bei ikaanguka. Hafso aliswaga kundi lake kurudi nyumbani, kisha akaenda kunywa chai na meneja wa shirika, Munyiva, akamsimulia yote.

"Aiya!" Munyiva alisema. Akafungua ukurasa wa "Mabadiliko ya Karibuni", unaoonyesha nani kaingia wapi na kagusa nini. Kila rasimu ilikuwa imepitiwa na Zubair.

Angeweza kumfukuza siku hiyo hiyo. Lakini Hafso alikuwa na punda.

Kesho yake Zubair akasoma rasimu mpya: shirika linahitaji punda ishirini kwa haraka, bei maradufu. Siri nzuri namna hii, akajiambia, kumuuzia mtu mwingine ni kufuru. Akakimbia sokoni.

"Punda wangu?" Hafso akashika kifua. "Huyu mzee alibeba maji ya harusi yangu."

"Nitamtunza kama baba, mama."

Waliagana kwa huzuni. Kwa punda wote ishirini Zubair alitoa akiba yake yote, na pikipiki juu.

Wiki mbili punda walikaa Mumbuni, alikopanga Zubair, wakila ua wa miti wa mwenye nyumba wake. Tangazo halikutoka. Zubair akaenda ofisini, akafungua kompyuta. Rasimu haikuwepo. Akabonyeza "Mabadiliko ya Karibuni", na kwa mara ya kwanza akasoma yote:

*Munyiva ameandika: punda kumi.*
*Hafso amebadilisha: punda ishirini.*
*Munyiva amefuta rasimu.*

"Hafso ameingiaje humu?" akauliza.

"Si ulitufundisha kualika watu?" Munyiva alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Unafundisha vizuri sana, Bwana Zubair."

Zubair alipogeukia tena skrini, mstari mpya ukatokea:

*Munyiva amemwondoa Zubair.*